Shorewanda, Jirani Tusiyemtazama



Leo hatuzungumzi habari za simba wala za tembo. Hao huandikwa kila siku, na wengi wetu huwaona katika picha tu. Leo tutazungumza habari za ndege mmoja uliyemwona jana, na asubuhi hii umemsikia kabla hujaondoka kitandani, lakini hukugeuza hata uso kumtazama. Jina lake ni shorewanda, na wengine humwita shore tu. Katika lugha ya kwenu analo jina jingine. Kama hulijui, muulize bibi au babu leo jioni, kwa maana majina ya ndege nayo ni urithi, na urithi usioulizwa hupotea.

Wahenga walisema, asiyekujua hakuthamini. Basi kwanza tumjue ndege huyu, ndipo tuamue kama anastahili jiwe au anastahili shukrani.

SURA YAKE

Shorewanda si ndege mkubwa. Tangu ncha ya mdomo hata ncha ya mkia urefu wake ni sentimita 18 hadi 20, na uzito wake ni gramu 40 hivi. Mgongo na mabawa ni rangi ya kahawia iliyofifia, kama udongo uliokauka. Tumbo ni jeupe-jeupe. Kichwa ni cheusi, na manyoya ya utosini husimama kidogo kama kishungi, hasa akishtuka. Mdomo wake ni mweusi, na miguu yake pia.

Ukiishia hapo utasema, ndege huyu hana uzuri wo wote. Ngoja ageuke. Chini ya mkia, mahali ambapo watu wengi hawatazami, amepakwa rangi ya manjano safi kama ua la mboga. Hiyo ndiyo alama yake katika nchi yetu. Ukiona kichwa cheusi pamoja na manjano chini ya mkia, usibabaike tena: ni yeye.

Dume na jike wanafanana. Hata mtaalamu wa ndege hawezi kuwatenga kwa kuwatazama tu. Mara nyingi utawaona wawili-wawili, na mmoja akitua karibu na mwenziwe, huinua mabawa nusu na kuyatetemesha, kama watu wanaopeana mikono baada ya safari.

Usimchanganye na kuzumburu. Yule naye ana kishungi na rangi ya kahawia, lakini mkia wake ni mrefu kupita mwili, naye hutambaa ndani ya matawi kama panya, tena huenda kwa makundi. Kuzumburu hula matunda, na hula pia majani na machipukizi ya mimea, akaharibu bustani. Mara nyingi kuzumburu hufanya uharibifu asubuhi, na shorewanda akapigwa mawe mchana.

SAUTI YAKE

Ndege huyu ni mmoja wa wale wanaoanza kuimba mapema sana, giza likiwa bado halijaondoka vizuri. Wimbo wake si mrefu. Ni mluzi wa sauti chache, wa haraka na wa furaha, unaorudiwa tena na tena. Kila watu huusikia kwa lugha yao. Waingereza waliokaa Afrika walidai kwamba ndege huyu anamwita daktari aje upesi! Wewe msikilize kesho asubuhi, kisha uniambie anasema nini kwa Kihaya.

Lakini anayo sauti nyingine, nayo yafaa kila mama mwenye kuku aijue. Shorewanda akimwona nyoka, au paka, au nguchiro, au bundi aliyelala mchana, huacha kuimba na kuanza kelele kali za kukwaruza, bila kupumzika. Mwenziwe huja, na mashorewanda wengine huja, hata ndege wadogo wa aina nyingine huja kusaidia. Wote humzunguka adui na kumpigia kelele hata aone haya na kwenda zake. Basi ukisikia ghasia hiyo katika ua wa nyumba yako, acha jembe ukatazame. Huenda ni bundi tu. Lakini huenda pia ni nyoka, na watoto wanacheza karibu. Mlinzi huyu hadai mshahara, wala halali zamu ya mchana.

MAKAO YAKE

Shorewanda huonekana katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu Moroko hata Afrika Kusini. Hapendi msitu mzito wenye giza, wala mbuga tupu isiyo na mti. Apenda mahali pa katikati: ukingo wa msitu, vichaka, na bustani za watu. Kwa sababu hiyo kibanja cha Mhaya kimemfaa kana kwamba kilipandwa kwa ajili yake.

Hebu tazama kibanja kama mzee aliyejua kazi yake alivyokitunza. Chini kuna maharage, katikati kuna mibuni, juu yake migomba, na juu ya yote imesimama miti michache ya kivuli: mhumula, mshambya, na mtoma, ule ambao wazee waliubandua gome wakaligonga kuwa nguo. Kwetu sisi hicho ni chakula na fedha. Kwa shorewanda ni nyumba ya ghorofa. Chini anaokota mdudu, katikati anajenga kiota, na juu anaimba.

Toka sasa nje ya kibanja uingie rweya. Kama ni majani matupu, humwoni. Mahali ambapo rweya imepandwa mikaratusi au misindano, waweza kumsikia mmoja pembeni, lakini miti hiyo haina matunda ya kumlisha. Si kwamba nawakataza watu kupanda mbao na kuni, twazihitaji. Nasema tu kwamba mti si mti, na kwamba kibanja kilichokatwa miti yake yote ya kivuli hupoteza sauti zake kimoja kimoja, na mwenyewe hajui ni siku gani zimenyamaza.

MTU ALIYEWATAZAMA NDEGE WETU

Wako watu wanaodhani kwamba kutazama ndege ni kazi ya wasio na kazi. Basi wasikie habari ya mtu aliyeianzisha boma ya Bukoba. Mwishoni mwa mwaka 1890 alifika hapa ziwani Mjerumani mmoja, jina lake la kuzaliwa Eduard Schnitzer, lakini ulimwengu ulimjua kwa jina la Emin Pasha. Alikuwa daktari, tena alikuwa ametawala jimbo la kusini la Sudani kwa miaka mingi. Pamoja na shughuli zote hizo, na vita, na magonjwa, hakuacha kazi yake aliyoipenda kupita zote: kukusanya ndege na kuandika habari zao. Ngozi za ndege alizozikausha zilipelekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Aliuawa katika nchi ya Kongo mwaka 1892.

Mti wetu wa mhumula wabeba jina lake mpaka leo, kwa maana wataalamu wa mimea humwita Maesopsis eminii, yaani mti wa Emin. Mtu aliyetoka mbali aliona katika nchi yetu vitu vya kuandikiwa vitabu. Mwaka ule ule wa 1892 Mapadri Weupe walianza misioni ya Kashozi, nao pia wakaanza kuandika maneno na desturi za watu. Sisi tuliozaliwa hapa twapita chini ya mhumula uleule kila siku tukiwa na haraka. Mazoea yana taabu: hufunga macho kuliko upofu.

MASHTAKA NA MAJIBU

Sasa tufike kwenye kesi. Mashtaka juu ya shorewanda ni moja, nalo ni la kweli: anakula matunda yetu. Papai likianza kuiva juu ya mti, yeye ndiye wa kwanza kujua. Hutoboa tundu, akala utamu, na kesho yake nyuki na nzi huingia, papai likaoza. Mapera hivyo hivyo. Mama aliyetegemea kuuza papai lile apate chumvi na sabuni ana haki ya kukasirika, wala simcheki.

Lakini katika kesi ya haki husikilizwa pande mbili. Upande wa pili ni huu.

Kwanza, shorewanda haishi kwa matunda peke yake. Hula viwavi, mende wa shambani, sisimizi na wadudu wengine wengi. Siku kumbikumbi wanapotoka ardhini baada ya mvua, utamwona akiruka juu na kurudi, akiruka na kurudi, akiwadaka hewani. Makinda yake hulishwa wadudu kwa wingi, kwa sababu mwili unaokua wataka nyama. Wadudu hao angewaacha, wangekula wapi? Katika maharage yako na mibuni yako.

Pili, na hili ndilo kubwa, shorewanda ni mpandaji. Tunda dogo hulimeza zima, au hunyofoa kipande cha tunda kubwa pamoja na mbegu zake. Tumbo lake husaga nyama ya tunda, lakini mbegu hupita salama. Baada ya muda si mrefu, akiwa amekwisha kuruka mbali, huziangusha chini pamoja na samadi kidogo. Ndiyo sababu miche huota chini ya matawi na nguzo za ua ambapo ndege hupenda kutua.

Sasa nakuuliza, ndugu msomaji. Ule mpera ulioota kwenye ua wa shamba lako, nani aliupanda? Ule mpapai nyuma ya jiko, uliojiotea wenyewe? Ule mtoma uliochipua katika panda ya mti mwingine, juu, mahali ambapo hapana mtu aliyepanda ngazi? Sisi husema, "Umeota tu." Mti hauoti tu. Yuko aliyeileta mbegu. Si shorewanda peke yake, kwani wako ndege wengine na popo pia. Lakini yeye yumo katika kazi hiyo tangu alfajiri hata jioni, kila siku ya mwaka. Papai moja alilokula ni deni, na mara nyingi amekwisha kulilipa kabla hujamkasirikia.

Tusimfanye malaika. Hupanda bila kuchagua. Lantana, kile kichaka cha maua ya rangi nyingi kilicholetwa kutoka Amerika, ambacho hufunga malisho na kudhuru ng'ombe, naye shorewanda ni mmoja wa wanaokieneza, kwa maana apenda matunda yake meusi. Hapo kazi ni yetu, kung'oa mche ungali mdogo. Ndege hupanda, mtu huchagua. Ndivyo kibanja kilivyotunzwa tangu zamani.

KIOTA NA HATARI ZAKE

Katika nchi kama yetu, karibu na mstari wa ikweta na yenye mvua nyingi, shorewanda aweza kutaga karibu mwezi wo wote, lakini hupenda zaidi majira ya mvua, wakati wadudu ni wengi. Hujenga kiota katika panda ya kichaka au ya mti mdogo, mara nyingi si juu kuliko mkono wa mtu mzima unavyofika. Kiota ni kikombe chembamba cha nyasi, vijiti na mizizi midogo, kilichoshonwa kwa utando wa buibui. Ukikitazama kutoka chini waweza kuona mwanga ukipenya.

Humo hutaga mayai mawili au matatu, meupe yenye wekundu kidogo na madoadoa. Jike huatamia siku 12 hadi 14, na dume humletea chakula. Makinda wakiangulika, wazazi wote wawili huwalisha, na baada ya wiki mbili hivi huacha kiota.

Lakini si wengi wanaofika siku hiyo. Nyoka hula mayai. Paka na nguchiro hula makinda. Mvua kubwa hubomoa kiota. Tena yuko adui mwingine mwenye hila. Ni ndege wa jamii ya kekeo, mweusi juu, mweupe chini, mwenye kishungi kirefu. Huyu hajengi nyumba wala halei mtoto. Huvizia hata shorewanda aondoke, akataga yai lake katika kiota cha mwenziwe na kwenda zake. Kinda la kekeo hukua upesi, hulia kwa nguvu, hula kwa pupa, na mara nyingi makinda ya mwenye nyumba hufa njaa. Shorewanda naye, asiyejua kuhesabu, huendelea kumlisha yule mgeni kama mwanawe hata aweze kuruka.

Basi ukiona shorewanda bado wako wengi, usiseme kwamba maisha yao ni rahisi. Wako wengi kwa sababu hawachoki. Kiota kikivunjwa, hujenga kingine.

MANATI

Na juu ya hatari hizo zote sisi tumeongeza moja: manati.

Wazazi, nasema nanyi kwanza. Kijana anayezunguka na manati shingoni hamchukii ndege. Anacheza. Aona kitu kinachoruka, mkono wawasha, jiwe latoka. Akimwangusha shorewanda, apata nini? Ondoa manyoya, ondoa mifupa, katika zile gramu 40 hubaki tonge lisilomshibisha hata paka. Lakini ikiwa ni majira ya kulea, kiotani wamebaki wawili au watatu wenye midomo wazi, na mzazi mmoja peke yake hulemewa na kazi ya wawili. Jiwe moja laweza kuua nyumba nzima.

Tena liko jambo ambalo wasomaji wengi wa Biblia hulipita bila kuliona. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Musa aliwapa watu wake sheria juu ya kiota cha ndege. Mtu akikikuta kiota njiani, na mama amewalalia makinda au mayai, asimchukue mama pamoja na watoto. Sharti amwache mama aende. Na sheria hiyo ndogo imewekewa ahadi: kufanikiwa, na kuishi siku nyingi. Ahadi hii twaijua, sivyo? Ndiyo ile iliyotolewa katika Amri kwa wale wanaowaheshimu baba na mama. Mungu ameweka thawabu ya namna moja kwa mtoto anayemheshimu mama yake mwenyewe, na kwa mtu anayemwonea huruma mama wa ndege. Mwenye masikio na afikiri.

Bwana wetu naye, alipofundisha habari za Baba wa mbinguni, hakuchukua mfano wa tai au wa simba. Aliwaonyesha watu ndege wadogo wa kawaida, wale wa bei rahisi sokoni, akasema kwamba hata hao Mungu hawasahau. Na mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliandika barua yake Laudato Si', akiwakumbusha watu wote kwamba dunia ni nyumba yetu ya pamoja. Nyumba hiyo ya pamoja haianzii mbali. Yaanzia kwenye ua wako, Kamachumu au Rubya, Maruku au Kashozi.

KAZI YA WIKI HII

Maneno bila matendo ni debe tupu. Kwa hiyo naigawa kazi.

Baba, ukipunguza matawi ya ua au ukikata kichaka, tazama kwanza ndani. Ukikuta kiota chenye mayai au makinda, acha tawi lile majuma manne tu, ua hautakimbia. Na miti ya kivuli iliyobaki kibanjani, usiikate yote kwa msimu mmoja.

Mama, papai likianza kupata manjano kidogo, litungue liivie ndani, katika kikapu au majani ya migomba. Hivyo ndege hatalitangulia. Lile moja la juu kabisa, ambalo hata mti wa kutungulia haulifiki, mwachie mpandaji. Ni ujira mdogo.

Nanyi watoto, wekeni manati chini mpaka Jumapili. Chukueni daftari na kalamu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kaeni kimya chini ya mti kwa dakika kumi. Andikeni: shorewanda alianza kuimba saa ngapi? Alikula nini? Alitua mti gani? Walikuwa wangapi? Jumapili baada ya Misa, wasomeeni wazazi mliyoyaandika. Yule atakayeona manjano chini ya mkia kabla ya wenzake, huyo ana macho. Na yule atakayeweza kuonyesha mche mmoja ulioota chini ya mahali ndege anapotua, huyo amepata somo ambalo si kila mtu mzima analijua.